Maji ya Kiunoni

Nimewahi kupiga kelele za kuokolewa nikiwa kwenye maji yaliyonifika kiunoni. Nayasema mwenyewe mapema, kwa sababu mtaani kwetu, Ramadhani ya Njombe mjini, hadithi hii inasimuliwa hata na watu ambao hawakuwepo, na kila anayesimulia anayapunguza maji. Mara ya mwisho nilisikia yamefika magotini. Yalikuwa ya kiunoni.

Nilikuwa nimetoka tu kumaliza mafunzo ya awali ya ulinzi wa pwani. Mtu wa Njombe alifikaje huko, hata mimi najiuliza. Nilimaliza kidato cha nne nikakaa nyumbani, na kukaa nyumbani ndicho kipaji changu: mimi, sweta, jiko la mkaa na kikombe cha chai, siku inaisha. Mama akaona kinachoisha hasa ni mkaa. Nafasi zilipotangazwa niliomba kwa sababu moja, nilisikia pwani hakuna baridi. Huo ndio ulikuwa wito wangu wa kulinda taifa.

Huko pwani walinifundisha kuogelea. Nilimeza maji ya bahari mpaka nikawa sioni haja ya kutia chumvi kwenye mboga, lakini nilijua. Tulipopangiwa vituo, nikapewa Lupingu, kwenye Ziwa Nyasa, chini ya milima yetu wenyewe. Na ruhusa fupi ya kupita nyumbani kwanza.

Basi la kutoka Dar lilinishusha Makambako nibadilishe gari. Hapo ndipo kichwa kilipoanza kuvimba. Niliona aibu kuingia Njombe na sweta, kama mtu aliyetoka dukani kununua kiberiti. Nikaingia choo cha stendi, nikatoka na sare kamili, bereti imelala upande. Upepo wa Makambako ulinipenya mpaka kwenye mifupa, nikajikaza kiaskari. Mama mmoja muuza viazi vya kuchemsha akanitazama toka bereti mpaka buti.

"Kamwene, afande. Unafanya kazi gani?"

"Mlinzi wa pwani, mama."

Akaangalia barabara ya Mbeya, akaangalia barabara ya Songea, akanirudia mimi kwa huruma. "Umeipita, mwanangu. Umeiacha huko ulikotoka."

Nikanunua viazi vyake ili aninyamazie.

Nyumbani mama aliifurahia sare, akavigusa vifungo kimoja kimoja. Nilipotaja boti, akakaa chini. Mama yangu amezaliwa huku juu kwenye viazi na parachichi. Maji anayoyaamini ni yale yaliyomo kwenye sufuria. Na kwetu mtu hasafiri mpaka mama amwombee mlangoni, mkono kichwani. Kwenda mafunzoni aliniombea. Safari hii akakataa.

"Siombi. Nitamwambiaje Mungu amlinde mtu anayejitupa mwenyewe?"

"Mama, najua kuogelea."

"Nani kakuona?"

"Wakufunzi wangu."

"Hao siwajui. Mimi sijakuona."

Jumatatu nilitakiwa niwe nimeripoti Lupingu. Wenye mioyo migumu watasema si uondoke tu, wewe ni mtu mzima. Mimi siwezi. Hata kwenda sokoni huwa naaga mara mbili. Kuondoka bila mkono ule kichwani ningeona nimetoroka.

Jirani yetu wa bondeni, mama mmoja mjane asiyejua kupamba maneno, ana kinyungu chini ya nyumba yetu, ile bustani ya mabondeni inayolimwa hata kiangazi. Pembeni ya kinyungu amechimba bwawa la perege. Nikamfuata.

"Mama, naomba bwawa lako. Nataka mama anione nikiogelea."

"Bwawa la samaki hilo, si la watu."

"Dakika chache tu."

"Ukiniulia samaki utawala wewe, na magamba yao."

Jumamosi asubuhi nikashuka na bukta na fulana ya mafunzoni. Ulikuwa mwezi wa saba, umande umeganda mweupe juu ya majani. Mama alikuja kajifunga blanketi, na nyuma yake wakaja majirani ambao sikuwaalika, wengine na vikombe vyao vya chai. Mama jirani aliendelea kuchimba viazi vyake. Mimi nikapiga saluti, kosa la kwanza, kisha nikajitupa kwa mbwembwe, kosa la pili.

Bahari niliyofundishiwa ilikuwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto. Hakuna aliyenifundisha kuogelea kwenye maji ya Njombe ya mwezi wa saba, kwa kuwa hakuna mwenye akili timamu anayeingia humo. Pumzi ilikatika kama imekatwa na panga. Mikono haikunijua, miguu haikunijua.

"Nakufa! Jamani, niokoeni!"

Mama jirani aliinua kichwa kwenye viazi. "Simama!"

"Siwezi!"

"Simama wewe! Kwa miguu!"

Nikasimama. Maji yakaishia kiunoni. Kuna mtu alicheka mpaka chai ikammwagikia. Mlinzi wa pwani nikabaki wima katikati ya bwawa, tope limenishika visigino, perege mmoja ananigonga paja kana kwamba na yeye ana la kusema.

Mama hakucheka. "Umeona?" akaniuliza taratibu, na midomo yake ilikuwa inatetemeka. Baridi ile haikuwa yake, alikuwa amevaa blanketi. Hapo mzaha wote ukaniishia. Kama ningetoka kwenye maji yale vile nilivyokuwa, asingeniombea kamwe, na asingelala siku hata moja nikiwa ziwani.

Nikakumbuka mkufunzi wetu: maji yakikushtua usipigane nayo, vuta pumzi kwanza. Nikavuta. Nikalala juu ya maji polepole.

"We mtoto, toka humo!"

Sikutoka. Nikaogelea mpaka ukingo wa pili, ambao kwa kweli haukuwa mbali, nikageuka, nikarudi, nikaenda tena. Mwisho nikalala chali nikaelea, mikono nimeikunja kifuani kama niko kwenye benchi la kanisani.

"Mama, nitazame."

Alitazama muda mrefu. Majirani nao wakaacha chai yao ipoe, jambo ambalo Ramadhani ni nadra.

"Haya. Njoo hapa."

Nilidhani ananiita nijifute. Kumbe ananiombea palepale ukingoni, bila kungoja Jumatatu wala mlango, kabla moyo haujambadilika. Akaweka mkono kwenye nywele zangu zinazochuruzika akaanza, kwa Kibena, bila haraka yoyote. Aliiombea boti. Akaiombea injini ya boti. Akawaombea watu wa Lupingu, shangazi anayeumwa kule Bulongwa, na madereva wa njia ya Ludewa. Meno yangu yalikuwa yanagongana, nikasema "Amina" kwa sauti nimsaidie kumaliza. Akanikandamiza kichwa, akaingia kwenye wajukuu ambao bado sijamzalia.

Amina ya kweli ilipofika, mama jirani alipanda kutoka shambani na gunia tupu la viazi, akanifunika nalo mabegani, akatazama bwawa lake, kisha akanitazama mimi.

"Huko ziwani, mwanangu, kabla hujapiga kelele, kwanza simama uone."