Sahani za Manjano

Kuna kibanda pale Kondele ambacho huosha sahani zake za plastiki kwa maji baridi na sabuni ya unga, kisha huzipanga zikiwa bado zimelowa. Ukiletewa githeri moto, mahindi na maharagwe, juu ya sahani kama hiyo, mvuke wa maharagwe huamsha harufu fulani ya plastiki, na mimi, mama mzima mwenye watoto, hurudi darasa la nne hapo hapo. Juzi nililetewa ya manjano. Nikamwomba yule msichana anibadilishie. Aliniangalia kama mtu anayeringa, na sikumlaumu. Ningemweleza nianzie wapi?

Wewe nitakueleza, maana naona una nafasi.

Shule yetu ilikuwa karibu na ufuo wa Dunga, karibu kiasi kwamba upepo ukigeuka, mwalimu wa hesabu alifundisha ameziba pua kwa ajili ya omena, wale dagaa wa ziwani, walioanikwa huko chini. Mchana tulikula shuleni. Wazazi walioweza walilipia chakula. Sisi ambao wazazi wetu hawakuweza, tulilishwa na wafadhili fulani walioleta magunia ya mahindi na maharagwe. Yote yalipikwa pamoja, sufuria moja, moto mmoja, mwiko mmoja. Lakini wafadhili walikuwa wameleta pia sahani za manjano, ili wakija kututembelea wawatambue watoto wao. Basi watoto wa sahani hizo tulipanga foleni yetu kando, na tulipakuliwa wengine wakishamaliza. Wenzetu wakatuita Timu ya Manjano. Hata uwanjani, mtu akikosa goli, utasikia, "Muache, huyo ni wa manjano!"

Sasa mimi nilikuwa na kiburi. Mama alisema nilizaliwa nacho, na nadhani alijua kilikotoka. Nikaacha kula. Kengele ya chakula ikilia, nilisema nimeshiba, nikaenda kufungua mfereji kunywa maji mpaka tumbo likawa linacheza nikitembea. Baada ya hapo nilisinzia darasani. Nilikuwa miongoni mwa wale wanaoitwa mbele kupigiwa makofi mwisho wa muhula. Nikaanza kushuka, na mwalimu wa darasa akasema nimeharibiwa na michezo. Watu husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Ni kweli. Lakini mwenye njaa naye anaweza kukataa chakula kilichopikwa na kuiva, na hilo sijasikia methali yake.

Rafiki yangu Wanjiku, ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakaja kuuza nguo mjini, aliwahi kunisogezea sahani yake tule pamoja. Nilimnunia siku nzima. Kuhurumiwa na Wanjiku, yawa! Heri njaa.

Wazazi wasiolipa walikuja kupika kwa zamu. Zamu ya mama yangu ilipofika, aliacha beseni lake la omena ufuoni na kuja na leso mpya kiunoni. Pale Dunga walimwita Nyar Seme, binti wa Seme, kwa sababu alizaliwa huko Seme, upande wa Kombewa, na hakuna aliyemshinda kwa sauti. Alipoona simo kwenye foleni alidhani nacheza. Akajaza sahani ya manjano, akaiinua juu, akaita kwa ile sauti ya kuuzia samaki, "Adhiambo! Adhiambo mtoto wangu! Chakula yako inapoa!"

Shule nzima iliangua kicheko. Nilikimbia nikajifungia chooni, na wewe unajua choo cha shule kilivyo. Nilikaa humo hadi kengele ikalia.

Jioni, tukichagua omena juu ya gunia, mama aliniuliza kama naumwa. Nikalipuka. "Sahani ya manjano ni ya maskini! Kila mtu anajua, ni wewe tu hujui!"

Mikono yake ikasimama. Nilisubiri kofi. Badala yake aliuliza polepole, "Kwani umeanza kukosa kula lini?"

"Tangu shule ifunguliwe."

Mama alijifunika uso kwa leso akalia. Niliogopa sana, kwa sababu mama yangu alikuwa mtu wa kugomba, si mtu wa kulia. Alipojifuta alisema, "Kwetu Seme ugali ni moja. Watoto wa boma yote wanazunguka hiyo moja. Hakuna mtu anauliza mtoto mama yako ameleta nini."

Zamu yake iliyofuata iliangukia Ijumaa, siku ya ugali na omena. Asubuhi hiyo alikwenda kwa akina mama wa kanisa, akaazima sinia zao kubwa, zile za kulishia watu matangani. Kosa lake ni kutotuambia. Tulipotoka darasani na kuona vyombo vya matanga vimepangwa chini ya ukuta wa jikoni, watoto wadogo walianza kulia. "Nani amekufa? Ni mwalimu gani?"

"Hakuna mtu amekufa!" mama akafoka. "Osheni mikono mkae chini!"

Tukakaa, kila sinia na duara lake, na katikati mlima wa ugali unafuka moshi. Hapakuwa na foleni wala sahani, ya manjano wala ya rangi nyingine. Wanjiku, ambaye kwao kila mtu hupakuliwa chake, alitazama huku na huku. "Sasa yangu ni gani?"

"Ni pale mkono yako inafika," mama akamjibu. "Harakisha."

Maskini Wanjiku alijifunza siku hiyo. Mimi nilikula mpaka nikalegeza mkanda wa sare.

Ndipo mwalimu mkuu akaja. Alikuwa mtu mpole, mrefu, ambaye hakupenda kelele. "Mama Adhiambo, sahani ziko wapi? Wageni wakija, watajuaje watoto wao?"

"Watoto wao? Mwalimu, huyu nilizaa mimi."

"Mama, unajua ninachosema. Wakikasirika, magunia hayaji. Utawaeleza nini hawa?"

Mama akaweka mwiko chini. "Hata mimi naogopa, Mwalimu," akasema. "Lakini huyu wangu alikuwa analala njaa mbele ya chakula. Niambie hiyo inasaidia nani."

Mwalimu mkuu alisimama akitutazama tukilamba vidole, kisha akarudi ofisini. Jumatatu tulikuta sahani zote zimechanganywa juu ya meza moja, na foleni ni moja. Wanjiku alipata ya manjano. Akala, akaomba nyongeza.

Wageni walikuja kabla ya muhula kwisha, wakapita kati yetu wakitabasamu. Mmoja, mwanamke mwenye kamera, akamuuliza mwalimu mkuu, "Na wetu ni wepi?"

Nilikuwa karibu, nikaacha kutafuna. Angeweza kutuonyesha kwa kidole. Alitujua mmoja mmoja.

"Ni hawa wote," akasema.

Yule mwanamke akarudia swali, kwa upole, akidhani hakueleweka. Mwalimu mkuu akarudia jibu. Mimi nikaendelea kula. Kwangu mambo yalikuwa yamekwisha vizuri, na kwa miaka mingi niliisimulia hadithi hii nikiishia hapo, watu wakicheka kwa ajili ya zile sinia za matanga.

Mwaka jana nikaisimulia tena mbele ya mama. Hakucheka. "Na ile njaa ya muhula uliofuata, mbona huisimulii?"

"Njaa gani, Mama?"

Akanishangaa. Kumbe magunia yalipungua baada ya ziara ile. Kumbe wazazi waliitwa, na kuna waliotaka sahani zitengwe tena, kila mtoto ale cha kwao, na mwalimu mkuu akakataa. Kwa hiyo walizidisha maji sufuriani, wakatupimia kidogo kidogo, sisi sote, hadi mavuno. Mama anasema nilikonda mpaka sare ikanipwaya.

Nimejaribu sana kuikumbuka njaa hiyo, na siwezi. Ninayoikumbuka mpaka leo ni ile ya kabla yake, wakati chakula kilipokuwa tele.