Ndoo ya Bluu Ukutani

Sebuleni kwangu Maisaka, juu ya televisheni, nimetundika nakala ya picha kubwa niliyorudi nayo kutoka Poland, nilikosomea shahada ya pili. Inaonyesha mfalme akikifungua upya chuo kikuu, amezungukwa na maaskofu na wasomi wenye majoho mazito. Wageni wengi hudhani ni Mitume na huniuliza yupi ni Petro. Nami, badala ya kuwaachia imani yao na kuwamiminia chai, huanza kueleza. Mchoraji aliichora karne nyingi baada ya tukio lenyewe, wakati nchi yake imegawanywa na majirani na kufutwa kwenye ramani. Watu wake hawakuwa na serikali ya kwao, lakini walitazama picha kama hiyo wakakumbuka kwamba waliwahi kuwa na mfalme aliyejali shule, kwa hiyo bado ni taifa. Chai hupoa nikiwa bado kwa mfalme.

Mama yangu ndiye pekee aliyewahi kunivumilia mpaka mwisho. Nilipomaliza, aliisogelea picha, akaikagua kona hadi kona, akauliza, "Na waliowapikia watu wote hawa wako wapi?"

Nikamwambia hiyo haikuwa picha ya mapishi.

Baadaye kamati ya shule ya msingi ya kule Sigino, nilikozaliwa, iliamua historia ya shule ichorwe kwenye ukuta wa darasa jipya. Wakampata fundi wa mjini anayechora mabango ya saluni. Mimi nikajiteua mshauri. Hakuna aliyepinga, labda kwa kuwa hakuna aliyeulizwa. Nilimpelekea fundi picha yangu ya Poland nikamwelekeza: mgeni rasmi aliyeifungua shule akae alipo mfalme, padri alipo askofu, walimu wawazunguke. Kona ya kulia asimame kijana mwenye joho na kitabu, kuwakilisha matunda ya elimu. Sikusema kijana huyo ni nani, ila nilimwachia fundi picha yangu ya mahafali ili apate mfano wa joho.

Mama alikuja kuona wakati ukuta una mistari ya penseli tu. Shule ile ilijengwa kwa msaragambo: wanaume walifyatua matofali, wanawake wakabeba maji kichwani kutoka mtoni, na mama alikuwa mmoja wao.

"Sisi hatupo," alisema.

Nikaanza kumfafanulia habari za mpangilio wa picha na ufinyu wa nafasi, kwa sauti ileile ninayotumia kwa wageni. Hakubishana. Alisema wenzake wengi wa kubeba maji wameshazikwa, na macho yake yeye yameanza kufifia. Alitaka tu ajione hapo kabla hayajafumba. Kisha akauliza kwa upole, "Huyo kijana mwenye joho, mwanangu, yeye alibeba nini?"

Fundi aligeukia ukutani, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka. Nikamwambia afute kona ya kulia.

Siku ya uzinduzi tulimkuta mama pale ukutani, kona ya kulia, mkubwa kuliko mgeni rasmi. Fundi alikuwa amemchora kwa ujuzi alionao, yaani wa saluni: kichwa kimesukwa kama cha bibi harusi, na juu yake ndoo ya plastiki ya bluu, yenye mfuniko. Nilijua mama hakuwahi kusuka hivyo maishani mwake, na maji yale waliyabeba kwa madebe. Nikamnong'oneza kwamba nitamwambia fundi arekebishe.

"Acha," alisema, akiwa ameweka kiganja juu ya macho kuzuia jua. "Lile debe lilikuwa linanivujia mpaka shingoni. Hii ni nzuri."

Nilitaka kumwambia kwamba pengine hata mfalme wa Poland hakuwahi kuwa na joho zuri kama lile alilochorewa. Kwa mara ya kwanza katika kazi yangu ya ushauri, nikanyamaza.

Alisogea tena, pua ikakaribia kugusa rangi. Mgongoni mwa mwanamke wa ukutani kulikuwa na mtoto kwenye kanga, ametulia kama malaika.

"Na huyu?"

"Si ndiye mshauri, Mama," fundi akasema.

"Basi mfungue mdomo. Alilia njia nzima."

Fundi akachovya brashi, akanifungua mdomo mbele ya kamati yote, na mwalimu mkuu akapiga makofi. Ndivyo nilivyoingia katika historia ya elimu ya Sigino, bila joho.

Makande yalipoiva, wanawake waliyapakua, nasi tukapangiwa viti kumwelekea mgeni rasmi wa siku hiyo. Mama alipokea sahani yake, akageuza kiti kikaelekea ukuta, akala polepole.