Jirani Aliyelipima Ziwa

Mimi sikuumbwa kuamini watu upesi. Hata leo, mtu akinisifia chakula changu najiuliza anataka nini. Marehemu mume wangu alikuwa akinitania kwamba ningeweza kumshuku hata padri akiwa altareni, nami nilimjibu kwamba inategemea ni padri gani. Kwa hiyo, nyumba iliyotazamana na yetu uani, kule Kalemie kando ya ziwa, ilipopata mpangaji asiye na mke, asiye na mtoto, wala suruali ndefu, nilimtilia shaka kabla hajamaliza kushusha masanduku yake.

Ilikuwa miaka ya themanini, wakati nchi ingali ikiitwa Zaire. Wanaume wa heshima walivaa abakosti, lile koti lisilo na tai, kama walivyoagizwa kutoka juu. Huyu naye alilivaa, limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa, na chini yake kaptura na ndara. Alipoulizwa sokoni alisema kwamba amelisoma agizo mara mbili na hakuona mahali palipotajwa suruali. Watu walicheka. Mimi sikucheka. Siku zile mtu aliyesema maneno ya namna hiyo mchana kweupe, ama alikuwa na wazimu, ama alikuwa na mkubwa fulani nyuma yake.

Habari zake zilinifikia vipande vipande. Alizaliwa upande wa Kongolo, mapadri wa huko wakaiona akili yake wakamsukuma mbele, akasoma fizikia Ubelgiji mpaka akapata udaktari. Alifundisha chuo kikuu Lubumbashi miaka michache, kisha akaacha tu, akapanda treni, akaja kufundisha sekondari kwetu. Wanafunzi wake walisema kwamba maprofesa wa Ulaya walikuwa bado wanamwandikia barua kumwomba mawazo. Hilo ndilo lililonikaa kooni. Mtu wa akili za namna hiyo anatafuta nini Kalemie? Siku moja nilimuuliza mwenyewe.

"Mama, mi nilikuja sababu ya ziwa," alisema kwa Kiswahili cha kwetu, ambapo "ndiyo" huwa "njo". "Ile ingine yote njo makelele."

Nilikwenda zangu nikiwa na shaka zaidi kuliko nilivyokuja.

Pale bombani, tulipochota maji, alikuwa na mchezo wake. Aliligeuzia bomba mgongo, akafumba macho, na mwanamke mmoja akafungulia maji yajae kwenye bidoni, lile dumu la maji. Yeye alisikiliza tu. Ghafla alisema, "Funga," na bidoni ilikuwa imejaa mpaka shingoni, hakuna hata tone lililomwagika. Wanawake walimletea ndoo za bati, masufuria, chupa, ili wamkamate. Hawakumkamata. Alieleza kwamba sauti ya maji inapanda kadiri nafasi iliyobaki inavyopungua, na kwamba yeyote anaweza, ni masikio tu. Baada ya juma moja majirani zangu wawili walikuwa wameshaweza. Mimi sikujaribu. Niliwaza kwamba masikio ya hivyo hayafundishwi shuleni, yanafundishwa mahali pengine ambapo watu wanatumwa kusikiliza wenzao.

Mara moja alitualika chai, mimi na mume wangu. Alikoroga kikombe chake, akatuonyesha majani ya chai yakizunguka, kisha yakijikusanya katikati, chini. Akaniuliza mimi, si mume wangu, kwa nini yanakuja katikati wakati kitu kinachozungushwa kinatakiwa kukimbilia pembeni. Akangoja jibu kama vile mimi ndiye niliyesoma Ubelgiji. Nilimwambia labda ameweka majani mengi mno. Alicheka mpaka akakiweka kikombe mezani, akasema wazo hilo linastahili kuchunguzwa, na kweli akamwaga, akapunguza majani, akakoroga upya. Yakaja katikati vilevile. Mume wangu alimpenda tangu siku hiyo. Mimi nilirudi nyumbani nikijiuliza ni kitu gani mle chumbani ambacho hakutaka tukitazame, hata akatutazamisha ndani ya kikombe.

Kisha vikaja vijiti. Alichimbia vijiti vinne ufukweni, ndani ya maji mafupi, kila kimoja kimechongwa alama, chini kidogo ya pale wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wetu, kwenye mchanga. Kila siku alikwenda kuvisoma na kuandika kwenye daftari. Alidai kwamba ziwa linapumua: maji yanapanda vidole viwili upande mmoja na kushuka upande mwingine, kisha yanarudi, hata kama hakuna upepo, kama maji ya beseni mtu anapotembea nalo. Wanawake wa ndagala wakamwambia kwamba wao wanajua, tangu kwa mama zao. Ndiyo maana hawaaniki samaki karibu na maji hata siku iliyotulia kabisa. Alifurahi akacheza pale pale mchangani, na abakosti yake na miguu mitupu, kisha akaketi akayaandika maneno yao. Alikuwa pia na kioo cha kunyolea ndevu. Alikitumia kutupa mwanga wa jua juu ya maji ili ayaone vizuri mawimbi madogo.

Kioo hicho ndicho kilichomponza. Mwaka ule watu waliogopa. Kulikuwa na waasi katika milima ya kaskazini, na kila juma mtu fulani alisema wanakuja kwa njia ya maji. Askari walikuwa wamejaa ufukweni. Na hapo katikati alisimama mwanamume mwenye kaptura, akimulika ziwa kwa kioo.

Mimi nilikuwa daktilo, mpiga chapa, katika biro moja, ofisi ya serikali ambayo sitaitaja. Siku moja shefu wetu, mkubwa wa biro, aliniita, akaniuliza habari za nyumbani, za watoto, za mume ambaye kazi yake ya reli ilimweka Kabalo siku nyingi kuliko kwetu. Kisha akauliza kama kweli dirisha langu linatazamana na mlango wa yule profesa. Alitaka ukurasa mmoja kila Jumatatu: anatoka saa ngapi, anarudi saa ngapi, nani anamtembelea.

Nitakuwa mwongo nikisema nilishurutishwa. Nilifurahi. Maisha yangu yote nilikuwa nawashuku watu bure, bila shukrani, na sasa serikali yenyewe ilikuwa inanihitaji. Dirisha langu, lililouona mlango wake na kipande cha ufukwe nyuma yake, lilikuwa na pazia la kitenge kizito. Nililivuta upana wa kidole, nikatazama, nikaandika. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ametoka na daftari. Saa saba na robo mchana, amerudi, anapiga mluzi. Saa kumi, anafua nguo zake mwenyewe. Nilikuwa na hakika kwamba hanioni. Hakuinua hata kichwa.

Majuma yalipita, na shefu akaanza kuchoka. Aliitupa karatasi yangu mezani.

"Hii njo ripoti, ao njo ratiba ya masomo?" aliuliza.

Nilitoka pale nimeaibika. Na Jumapili iliyofuata sikumchungulia kabisa jirani yangu. Kulikuwa na matanga mtaa mwingine, nilikwenda asubuhi, nikapika na wenzangu kutwa, nikarudi giza limeingia. Jumatatu ukurasa ukadaiwa. Ningeweza kuandika kwamba sikuona kitu. Badala yake nilipiga mstari mmoja tu: Jumapili, saa tisa mchana, kutoka dirishani, nimemwona akimulika kioo ziwani, na mtumbwi mmoja umemjibu kwa mwanga. Niliyatuliza mawazo yangu kwa kujiambia kwamba kama hakufanya Jumapili ile, basi atakuwa alifanya siku nyingine.

Jumatano walimleta. Askari wawili, na daftari lake mikononi mwa mmoja wao. Nilikuwa mbele ya mashine, karatasi tatu na kaboni mbili zimeshapangwa, maana mimi ndiye niliyeandika mahojiano yote. Aliponiona, uso wake ulifunguka.

"Jambo, Mama jirani," alisema, kama mtu aliyepotea mjini akakutana na wa kwao.

Niliitikia bila kumtazama.

Shefu alilifungua daftari akaanza kuuliza. Lilikuwa limejaa mistari ya kusimama, na juu ya kila mstari pamechorwa picha ndogo. Kijiti: hicho ni kimo cha maji. Jua: hilo ni joto. Kuku: huyo ni kuku wa mwenye nyumba, na hizo ni saa anazotaga. Shefu akaniambia niandike kuku. Niliandika kuku. Baada ya hapo aliuinua ukurasa mwingine, akaugeuza upande wa mwanga, nami nikauona.

Juu palichorwa dirisha dogo lenye pazia. Chini yake zilipangwa saa. Saa kumi na mbili na nusu. Saa saba na robo. Saa kumi. Nilizijua zote kwa moyo, kwa sababu nilikuwa nimezipiga chapa mwenyewe. Muda wote niliokuwa nikimwandika, naye alikuwa akiniandika mimi, kila mara pazia lilipotikisika. Chini ya ukurasa alikuwa amechora mstari wa kupanda na kushuka, kandokando ya mstari wa ziwa, aone kama mimi na ziwa tunakwenda pamoja. Ulikuwa mchezo wake tu, kama ule wa bombani. Na mbele ya Jumapili alikuwa ameandika sifuri. Kutwa nzima, sifuri.

Shefu alimuuliza dirisha ni kitu gani. Lakini kabla hajajibiwa alifanya jambo alilolipenda sana, alisoma kwa sauti ile ripoti: jirani mmoja mwaminifu, Jumapili saa tisa mchana, kutoka dirishani kwake, ameona kioo, ameona mtumbwi, ameona mwanga.

Jirani yangu alisikiliza amefumba macho. Alipoyafumbua alinitazama mimi. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama alivyoyatazama majani ya chai, na nikajua ameshaelewa yote.

Alichohitaji kusema kilikuwa kidogo. Dirisha hilo ni la huyu mama anayepiga chapa, na Jumapili halikufunguliwa, kaulizeni kwenye matanga, nusu ya mtaa ilimwona kule. Angekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Mimi ningebaki pale. Wakati ule, mtu aliyeidanganya serikali kwenye karatasi yake yenyewe hakuulizwa mara mbili. Watoto wangu walikuwa na miaka saba na minne, na baba yao alikuwa Kabalo.

"Ile njo upepo, shefu," alisema. "Minapima upepo na pazia ya dirisha yangu."

"Na Jumapili? Uliandika sifuri."

"Jumapili hakukuwa upepo."

Jumapili ile upepo ulivuma tangu adhuhuri. Uling'oa turubai la matanga, wanawake wa ndagala walizoa samaki wao mbio, na hakuna mtumbwi uliothubutu kutoka. Yeye alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika mji ule. Sikuwa nimewahi kumsikia akisema tarakimu ya uongo, hata kwa mzaha, hata kwa watoto, na hiyo ilikuwa ya kwanza.

Shefu alitabasamu kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo.

"Basi ziwa lilikuwa limelala," alisema. "Muzuri sana kwa mutumbwi." Kisha akanigeukia. "Andika."

Niliandika. Niliandika upepo, niliandika sifuri, niliandika kwamba ziwa lilikuwa tulivu na kwamba mtuhumiwa amekiri. Mdomo wangu ulikuwa huru muda wote. Hakuna aliyenikataza kusema. Nilikuwa na nafasi kati ya kila mstari na mstari, nami nikaitumia kusukuma kigari cha mashine kirudi mwanzo.

Walimpa asome kabla ya kutia sahihi. Alisoma kila neno, kama alivyosoma kila kitu. Alipofika mahali pa upepo alisimama kidogo, kidole juu ya karatasi. Kisha akasaini, akanirudishia kalamu.

"Umeandika vizuri, Mama," alisema. "Hakuna kosa."

Maneno hayo nimeyageuzageuza miaka mingi, kama ninavyogeuza maneno ya kila mtu, nikitafuta kejeli ndani yake. Sijaiona. Ijumaa walimpandisha treni, askari huku na huku, kuelekea Lubumbashi, na sikupata kusikia kama alifika. Mume wangu aliporudi aliniuliza ni mbwa gani aliyemchongea mtu mwema kama yule. Nilimwambia watu ni wabaya. Alikufa hajui.

Lakini siku hiyo ya Jumatano kazi ilikuwa haijakwisha. Chini ya sahihi yake palikuwa pamebaki mstari wa mwandishi, anayethibitisha kwamba yote yaliyoandikwa hapo juu ni kweli. Nilizitenganisha zile nakala tatu, nikazisaini zote, moja baada ya nyingine, na yeye amesimama ananingoja nimalize.