Geji ya Upepo Mkononi mwa Baba

Harufu ya mpira uliopata moto bado naikumbuka. Katika miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa miaka tisa, nilishinda likizo nzima kwenye gereji moja mjini Nakuru, ambako Baba alikuwa mtu wa matairi. Mwenye gereji, Mhindi Kalasinga aliyeitwa Gurdev, alikuwa ametengeneza roli mbili za chuma, mithili ya mapipa yanayozunguka, na kuzizika sakafuni. Walowezi walimletea magari yao ya mashindano kutoka mbali kama Gilgil. Gari lilifungwa kwa minyororo, magurudumu ya nyuma yakazunguka juu ya roli zile bila gari kwenda popote, mabati ya paa yakitetemeka, naye Gurdev akasoma nguvu za injini kwenye kipimo kilichokuwa ukutani. Lakini kabla ya hayo yote, upepo wa matairi yale mawili ulipaswa kuwa sawa kabisa, la sivyo kipimo kingedanganya. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya Baba.

Baba hakujua kusoma, hata namba, na Gurdev hakulijua hilo. Miaka yote alikuwa akibonyeza tairi kwa kidole gumba na kukisia, na mara nyingi alipatia. Likizo ile alikuwa na mimi. Alichomeka geji ya upepo kwenye tairi, akaigeuza kidogo upande wangu kana kwamba ananionyesha kitu cha kuchezea, nami nikamnong'oneza namba. Kisha akatangaza kwa sauti nzito, "Thelathini na mbili, bwana!" Mwanzoni niliipenda siri yetu. Baadaye ikaanza kuniuma kwamba sifa zote zilimwendea yeye.

Siku moja mlowezi mwenye gari jekundu alisimama karibu, akamwambia Baba kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Wewe fundi kweli. Namba yako kila siku sawa."

Sikuweza kuvumilia. "Si yeye anayesoma," nilisema kwa sauti. "Ni mimi. Baba hajui namba."

Mlowezi alicheka hadi akakohoa. Gurdev hakucheka. Aliitoa ile geji mkononi mwa Baba, polepole. Kuanzia Jumatatu Baba alikuwa anaosha magari.

Njiani kurudi nyumbani nilingoja kipigo. Baba aliuliza tu, "Ile ya mwisho, ilikuwa thelathini na mbili kweli?"

"Ndiyo, Baba."

"Basi gari litapimwa vizuri." Akaendelea kutembea mbele yangu, na mimi sikumwomba msamaha.

Siku hizi kwenye vituo vya petroli mjini kuna mashine inayojaza upepo na kulia yenyewe ukishatosha. Mimi nami nimefundisha watu wazima kusoma, gumbaru, kwa miaka mingi, na kanisani hunisifu kwa moyo wa kujitolea. Huwa nainamisha kichwa, wakidhani ni unyenyekevu. Baba alikuwa bado hai nilipoanzisha darasa langu. Nilimsihi aje, hata siku moja tu. Alinijibu kwa upole, bila kinyongo chochote, "Hapana, mwanangu. Hapo kuna watu wengi wa kusikia."