Majani ya Kichuguu ya Bibi Sitan

Ilikuwa mwaka 1985. La, nakosea, ulikuwa mwaka wa themanini na nne, maana ndio mwaka tulioiacha faranga yetu ya zamani, na mvua nayo ikatuacha sisi. Mwaka huo Zan Traoré alikuwa mtu wa miaka arobaini na kitu, mchumaji na mtwangaji wa mimea katika nyumba ya serikali ya kupimia dawa za mitishamba, huko Bamako.

Msimu wa mvua uliotangulia, bintiye Nyeba alishikwa na homa kijijini kwa wakwe zake. Zahanati haikuwa na kidonge hata kimoja, lori la dawa limezama kwenye matope njiani. Siku ya tatu wakamzika. Tangu hapo Zan alitaka kitu kimoja tu duniani: dawa isiyongoja lori. Na aliamini anaijua. Utotoni homa ilipomlaza hata mama yake akaanza kumlilia, Bibi Sitan Diarra wa kijijini kwao alimnywesha majani ya kijiti kinachoota juu ya vichuguu, akainuka.

Alimsumbua Daktari Sangaré, mkubwa wa maabara, mpaka akakubali.

"Zan, umenichosha na majani yako. Haya, kalete. Lakini panya nilionao mwaka huu wanatosha mmea mmoja tu. Ukishindwa, sina wengine."

"Hautashindwa, Daktari."

"Kila mtu husema hivyo kwa majani ya kwao."

Alifika kijijini mwezi wa kumi. Bibi Sitan alikuwa akimenya karanga na wanawake wenzake.

"Nani huyo? Aa, mtumwa wangu! Umefuata kunde? Zimekwisha. Mwaka huu hata nyinyi walafi mtashinda njaa."

"Nimekufuata wewe, nikakuuze sokoni. Ila sijui nani atanunua Diarra asiye na jino."

Wanawake wakacheka. Traoré na Diarra ni watani tangu mababu, kila mmoja humwita mwenzake mtumwa na mla kunde. Wakikutana bila kutukanana, mmoja wao ni mgonjwa. Na tusi la mtani halikasirikiwi. Anayelikasirikia huonekana hana adabu.

Zan alipoeleza haja yake, bibi aliweka karanga kando, akafuta mikono. Kisha akamweleza taratibu, kwa sauti ya chini: aweke kokwa nyeupe ya kola chini ya kichuguu, iwe sadaka. Asimsalimu mtu yeyote kabla ya kuchuma. Aanzie upande wa macheo. Zan alirudia kila neno mpaka yakamkaa moyoni. Alipokwisha kuaga na kufika mlangoni, bibi akapaza sauti, kicheko kimemrudia:

"Na wewe Traoré! Ukikuta kijiti kimetoa ua, kiache! Kikishatoa ua ni chakula cha punda na cha ukoo wako!"

"Basi nitawaachia akina Diarra, ndio wenye masikio marefu!"

Wanawake wakacheka hadi karanga zikamwagika.

Kesho yake alfajiri Zan alipita watu kimya kama bubu, akaweka kola, akaanzia macheo. Mvua ilikuwa imekatika mapema mwaka ule, na vijiti vyote vilikuwa vimejaa maua madogo ya njano. Akachuma magunia matatu. Lile neno la mlangoni halikumjia hata kidogo. Lilikuwa limekwenda pamoja na kicheko.

Maabarani aliyakausha kivulini, akatwanga, akachemsha na kuchuja kama alivyoagizwa. Panya walioambukizwa malaria waligawanywa vizimba vitatu: wa klorokwini, wa maji matupu, wa majani. Siku nne waliwanywesha. Siku ya tano Daktari alichukua tone la damu mkiani mwa kila mmoja, akalipaka kiooni, akalitia rangi, akainama kwenye hadubini. Aliinama muda mrefu.

"Njoo uone mwenyewe."

Zan akaona vile vimelea, viduara vya zambarau, tele kama mtama uliomwagika.

"Hawa ni wa maji, Daktari?"

"Ni wako, Zan. Pole."

Akaandika kwenye jalada: haina nguvu. Katika siku zilizofuata panya wa majani walikufa sawa na wa maji. Zan ndiye aliyewatoa, mmoja mmoja.

Alirudi kijijini kumweleza bibi, maana aliona haya kumficha. Bibi Sitan alikuwa ameanza kuugua kifua.

"Ulipochuma, maua yalikuwepo?"

"Yalikuwepo."

"Nilikwambia."

"Nilidhani unanitania, bibi."

Bibi akamtazama. "Nilikuwa nakutania. Na nilikuwa nakwambia."

Zan alingoja amfokee. Amwite mjinga, amfukuze uani. Lakini bibi angesema nini kwa mtani wake ambacho kingeuma? Matusi yote walikwisha kuyatumia kwa kucheka. Alimpa maji ya kunywa tu.

Bibi Sitan alifariki kiangazi kile. Siku ya maziko akina Traoré walipaswa kufanya utani wao, na Zan akasukumwa mbele. Alivaa suruali iliyogeuzwa ndani nje, akalala mlangoni kuzuia maiti isipite mpaka apewe kunde. Alipolala pale akaanza kulia, na hakuweza kuacha. Machozi, makamasi, vumbi, vyote usoni. Waombolezaji wakacheka wakishika mbavu.

"Huyu ndiye mtani! Tazama anavyojua kulia!"

Wakamtilia kunde kinywani.

Mvua za mwaka uliofuata ziliposhika, kabla kijiti hakijatoa hata kitumba, Zan alichuma gunia moja la majani machanga kwa ruhusa aliyoiomba mwenyewe, akalikausha, akalipeleka maabara. Daktari Sangaré alikuwa amehamishwa. Mkubwa mpya alifungua jalada, akasoma, akalifunga.

"Mmea huu umeshapimwa."

"Ulipimwa vibaya, mzee. Kosa ni langu. Nilichuma yenye maua."

"Weka stoo. Tutaona."

Akaweka stoo. Wakubwa walibadilika, stoo ikahamishwa mara mbili, na yeye akaendelea kutwanga mimea ya watu wengine mpaka alipostaafu. Kila msimu homa zilipoanza aligonga mlango wa ofisi, kofia mkononi, akauliza lile lile, na hata mwaka nilipomsindikiza, amekwisha kuwa mzee kama mimi, aliuliza vivyo hivyo:

"Samahani jamani, lile gunia langu la majani machanga, mlilipima?"