Msiba Usio na Mtani

Nilipokuwa mdogo, mtaani kwetu Mkuza ulijua kabila la mtu kwa jinsi alivyotukanwa. Baba yangu, Mpare wa Same, hakuweza kununua hata kiberiti bila mwenye duka, Mchaga wa Machame, kumwuliza kama njiti moja ikigoma kuwaka atampeleka mahakamani. Baba naye alimjibu kwamba hela ataiweka kaunta polepole, maana Mchaga akisikia mlio wa sarafu hata akiwa maiti anaamka. Kisha waliulizana hali za watoto, na baba akarudi nyumbani na kiberiti chake akiwa na furaha ya siku nzima.

Walikuwepo Wahehe walimu, Wasukuma waliokuja Pwani na ng'ombe wao, Wamakonde, na familia moja ya Waarabu ambao Kiarabu chao kiliishia msikitini, lakini Kizaramo walikisema kuwashinda Wazaramo wenyewe. Na walikuwepo Wazaramo, wenye ardhi, waliotuuzia sote viwanja kisha wakatuangalia tukijenga.

Nyuma ya ua wetu wa michongoma alikaa bibi mmoja wa Kizaramo. Shamba la wazazi wake liliwahi kufika barabara kuu. Likauzwa kipande kwa kipande, huyu anaoza binti, yule anauguza, mpaka likabaki nyumba, choo na mikorosho michache. Watoto wake walihamia Msimbu, kule Kisarawe, ambako bado mtu angeweza kulima. Yeye alikataa kuondoka. Aliniambia Msimbu kuna Wazaramo watupu, na Wazaramo watupu wanachosha.

Ukweli ni kwamba hakutaka kumwacha mtani wake, maana Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za babu. Huyo alikuwa mzee wa Kinyamwezi, aliyekuja ujanani kukata mkonge na hakurudi tena Tabora. Mkewe alikwisha kufa, na watoto hawakujaliwa. Kila siku akitoka swala ya alfajiri alipitia barazani kwa bibi, nami nikiwa nafagia uwanja niliwasikia vizuri.

"Mzaramo, umeamka? Nilishaanza kufurahi."

"Nimeamka, Mnyamwezi. Nani akubebeshe mizigo nikifa? Babu zako walikuja Pwani na meno ya tembo kichwani, wewe hata ndoo ya maji unahema."

"Na babu zako walikuwa wapi? Wanacheza ngoma, wamelaza mihogo shambani inaoza."

Hapo bibi alimmiminia chai. Kama hukukulia kwenye utani ungedhani wale wawili wana kesi. Mimi nilikuwa nawaonea wivu. Sisi Wapare tuna Wachaga wetu, lakini Mnyamwezi hatuna naye lolote, kwa hiyo yule mzee kwangu alikuwa wa shikamoo na marahaba tu. Matusi yake sikuwa na haki nayo.

Mwaka ambao miguu ya bibi ilianza kuvimba nilikuwa nikimpelekea dawa. Siku moja mzee akiwepo, bibi akaniambia, "Wewe ni shahidi. Nikifa, huyu Mnyamwezi anifanyie utani wote, asibakize. Avae kanga yangu, achechemee kama mimi. Alale mlangoni, jeneza lisipite mpaka apewe kuku wake. Mama yangu alizikwa hivyo. Watu walilia, wakacheka, wakalia tena. Msije mkanizika kimya kama mpita njia aliyefia stendi."

"Na mimi nikitangulia?" mzee akauliza.

"Wewe nitakaa mlangoni kwako niwaambie watu ulivyokuwa mroho."

Mzee alicheka hadi akakohoa. Bibi akaingia ndani, akatoka na kanga yake moja kuukuu, akampa aiweke.

Lakini mtaa ulikuwa umeshabadilika. Walikuja watu wa ukuta na geti. Sina ugomvi nao, ni watu wazuri, wanachanga haraka kuliko sisi wa zamani. Kwenye kundi la simu la mtaa walikubaliana jambo ambalo hakuna mwenye akili angelipinga, kwamba hapa hatuulizani makabila, sote ni Watanzania. Hivyo ndivyo nilivyofundishwa shuleni, na naamini hivyo mpaka leo. Ila kutokuulizana kukaleta kutokujuana, na kutokujuana kukafika mahali ambapo jirani yangu wa geti jeusi sijui katoka wapi, wala yeye hajui nimetoka wapi, na tukikutana tunainua mkono mmoja, tunapita. Mzee wa Kinyamwezi alipomwambia kijana mmoja wa Kizaramo wa pale kijiwe cha pikipiki kwamba uso wake unafaa kutishia ngedere, kijana hakumrudishia neno. Alikwenda kumshtaki kwa serikali ya mtaa. Mwenyekiti akamwita mzee, akamwonya kwa upole, kwamba mambo hayo siku hizi yanaitwa udhalilishaji.

Bibi alifariki kipindi cha masika. Watoto na wajukuu walikuja kutoka Msimbu, na majirani wa ukuta wakatoa turubai, viti, maji ya chupa, na kijana mwenye kipaza sauti wa kutangaza ratiba. Nasema kwa haki, msiba uliandaliwa vizuri. Mimi nilikaa mkekani na wanawake, upande wa mlango, na nilikuwa namngoja mtu mmoja tu.

Mzee alikuja wakati maiti imekwisha kuoshwa. Amejifunga ile kanga, kichwani kabeba sufuria tupu, anachechemea mguu uleule wa bibi, na ule mguno wake mdogo wa kila hatua alikuwa ameupata hasa. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi nikalia vizuri. Akasimama katikati ya turubai akaanza kuimba kwa sauti yake ya kukwaruza, "Mzaramo kauza shamba, kauza na njia, leo mtampitisha wapi?"

Hakuna aliyecheka. Wengi waliokaa kwenye vile viti walikuwa ndio walionunua. Wakatazama viatu vyao. Mzee akangoja kidogo, kama mtu aliyebisha hodi, kisha akaimba tena, mara hii kwa sauti ya chini. Kijana wa kipaza sauti akaomba wahusika wamsaidie mzee wetu apate pa kukaa.

Mzee hakukaa. Alikwenda akajilaza kwenye kizingiti, akashika fremu ya mlango kwa mkono mmoja. "Kuku wangu kwanza," akasema. "Huyu kaninywea chai yangu miaka yote, leo anataka kutoroka."

Wajukuu wawili wakamwendea. "Babu, tuheshimu msiba," mmoja akasema, wala hakusema kwa ubaya. Kijana mwingine alikwisha kutoa simu anarekodi.

Nikamtazama mwana mkubwa wa bibi, mtu wa makamo mwenye mvi. Huyu alikulia hapahapa. Alijua. Niliona kwa macho yangu kwamba anajua, mkono wake ulikwisha kuanza kuingia mfukoni kama mtu anayetaka kumlipa mtani ili njia ifunguliwe. Kisha akawatazama wale watu wa ukuta, waliokuwa wakimtazama yeye, na mkono ukatoka mtupu. Sijui kama nitaweza kumsamehe ule mkono.

"Mwacheni," nikasema kutoka mkekani. "Ni mtani wake. Marehemu mwenyewe alitaka."

Mama aliyekaa karibu nami akanigeukia, kashangaa kweli. "Alitaka kutukanwa?"

Nikaanza kumweleza, na nilipokuwa naeleza nikasikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa hayana maana yoyote. Utani hauelezwi. Wakamwinua mzee, mmoja kwapani, mwingine miguuni, naye hakupigana. Kanga ikamvuka, ikabaki kizingitini. Jeneza likapita juu ya kanga hiyo, wanaume wakaondoka na dua zao, na nyumba nzima ikawa na adabu. Bibi yangu akazikwa kimya.

Baada ya hapo mzee hakupita tena njia ile. Alikuwa akienda msikitini kwa kuzunguka nyuma, kwenye matope, ili asipite mbele ya ile baraza. Video yake ilizunguka kwenye kundi la mtaa, watu wakaweka vikaragosi vya kucheka, na hicho ndicho kicheko pekee ambacho bibi alipata. Wajukuu wakauza nyumba. Mikorosho ikakatwa, ukuta ukapanda.

Nikaona nifanye jambo. Nilichemsha mihogo, nikamwendea chumbani kwake, na njiani nikawa najipanga maneno. Niliona kabila si ukuta wa matofali, mtu anaweza kupita. Nilimkuta amekaa mlangoni, kanzu imechakaa, macho yako mbali. Safari hii sikumwamkia. Nilisimama mbele yake, nikaweka mkono kiunoni, nikasema kwa sauti kubwa niliyoiazima, "Mzee, umekaa hapo kama gunia lililosahauliwa na gari. Hata nzi wamekuchoka."

Akanyanyua uso. Nilikuwa nangoja anitukane Upare wangu wote mpaka kwa babu zangu. Ningefurahi kuliko siku zote za maisha yangu.

Mzee akajivuta kando, akanifutia nafasi kizingitini kwa kiganja chake.

"Mwanangu," akasema, "kama kuna mahali nimekukosea, naomba unisamehe."