Kocha wa Kampala Yuko Kiwandani

Juzi, kwenye basi la kwenda Shard End, mtaa wa huku ughaibuni, nilisikia Kiswahili kiti cha nyuma. Walikuwa Wahindi wawili waliofukuzwa Uganda, Singasinga na Mwislamu, wakibishana kuhusu timu yao ya Kampala.

"Kocha anasema msimu huu tutashambulia tu," alisema Singasinga.

"Na nani, bwana? Kipa yuko Leicester, winga yuko Kanada. Kocha mwenyewe anapanga kikosi kwa kidole, kwenye vumbi la mashine kiwandani."

Nikageuka, nikasema, "Siku mliyotufunga kwetu Nairobi, mimi nililia."

Singasinga akasimama, basi likiyumba, akanipa mkono. "Basi mpinzani tumempata! Msimu unaweza kuanza."

Tulicheka mpaka kituo changu. Nyumbani sikuwa na wa kumsimulia, ndiyo maana nawasimulia ninyi.